Sahihi Isiyomlinda Mzee

Mkazi wa makao ya wazee nchini Marekani akiwa na uwezo wa kujiamulia, ana haki ya kuondoka hata daktari akipinga. Sheria ya mwaka 1987 na kanuni zake zinamtambua kuwa mtu huru kukataa matibabu. Kuondoka hivyo si kutoroka. Anayetoroka ni yule asiye salama kutoka peke yake, akapenya mlangoni bila wafanyakazi kujua. Huyo husakwa papo hapo.

Muuguzi wa zamu, na Wakenya wamo wengi katika kazi hiyo, huanza kwa kuuliza kilichomsukuma mzee. Pengine ni maumivu yasiyotulizwa, mke mgonjwa nyumbani, au pesa: Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hulipa gharama zote kwa siku 20 za kwanza za uuguzi baada ya kutoka hospitalini, na kuanzia ya 21 mkazi huchangia kila siku. Mengine humalizika kwa mazungumzo.

Akishikilia msimamo, daktari huitwa kupima uwezo wake: je, anaelewa maelezo, anatambua kuwa hatari inamhusu yeye, anapima faida na hasara, na anaeleza uamuzi wake? Kusahausahau pekee hakumnyimi mtu haki. Asipokuwa na uwezo, huamua mwakilishi wake wa kisheria.

Ndipo huja fomu ya kukiri kwamba anaondoka kinyume cha ushauri wa daktari, ambayo wengi huikimbilia kama ngao. Mzee akigoma kusaini, mgomo wake huandikwa mbele ya shahidi. Haumpi mtu ruhusa ya kufunga mlango. Akisaini, sahihi hiyo haifuti uzembe wa makao. Chenye uzito ni kumbukumbu za muuguzi. “Ameelezwa hatari” ni maneno matupu. Kumbukumbu nzuri husema: anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ameambiwa asipopimwa damu wiki hii anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani, amejibu kuwa binti yake atampeleka kliniki Alhamisi, binti amepigiwa simu, amekubali.

Kumnyima dawa, maelekezo au fremu ya kutembelea ni kumwadhibu. Kumtisha kwamba bima itagoma kulipa ni vibaya vilevile: utafiti wa Chicago wa mwaka 2012 kuhusu wagonjwa wa hospitali haukukuta bili hata moja iliyokataliwa kwa sababu mgonjwa aliondoka kinyume cha ushauri. Kwa kawaida Medicare humruhusu mkazi kurejea ndani ya siku 30 bila kutimiza tena sharti la kulazwa hospitalini siku 3. Na anakokwenda kukiwa na hatari, idara ya kulinda watu wazima hujulishwa.

Kuna fundo ambalo kanuni hazijalifungua. Mzee ambaye asubuhi akili yake imetulia na jioni inachanganyikiwa, uamuzi wa saa ipi ndio wake? Daktari hayupo, teksi iko mlangoni, na muuguzi ana wakazi wengine wa kuhudumia.

Fomu iwe kazi ya mwisho, baada ya dawa kufungashwa, miadi kupangwa na ndugu kupigiwa simu. Makao yanayoanza na fomu yanajilinda yenyewe, si mzee.