Nkungwe: Mlima mtakatifu wa Watongwe ndani ya hifadhi

WATALII wengi wanaofunga safari kwenda Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, mkoani Kigoma, hufuata sokwe. Ni wachache wanaofahamu kwamba kilele kinachoonekana juu ya fukwe hizo ni mahali patakatifu pa Watongwe, wenyeji wa asili wa mwambao huo wa Ziwa Tanganyika.

Mlima Nkungwe una urefu wa mita 2,462 kutoka usawa wa bahari, na ndio mrefu kuliko yote katika safu ya Mahale. Kwa imani ya jadi ya Watongwe, huko ndiko yaliko makao ya mizimu, na tangu kale wazee walipanda kwenda kutambika.

Heshima ya namna hiyo haipatikani Kigoma pekee. Nchini Japani, hekalu la Omiwa la dini ya Shinto, huko Nara, halina jengo kuu la ndani la kumhifadhi mungu wake. Waumini huelekeza sala zao kwa Mlima Miwa wenyewe.

Kwa sadfa, ni Wajapani hao hao walioitangaza Mahale katika ulimwengu wa sayansi, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto kuanza kuchunguza sokwe wake mwaka 1965.

Hata hivyo, Watongwe hawaishi tena chini ya mlima wao. Wakazi walihamishwa katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ambamo makazi, kilimo na uwindaji ni marufuku.

Misitu ilinusurika, lakini watoto waliozaliwa nje ya mipaka wamekulia mbali na njia za wazee wao. Imani isiyoandikwa hurithiwa kwa kupanda pamoja na anayeijua njia. Asipokuwapo, hubaki jina la mlima tu.

Kufika huko si kazi nyepesi. Mahale iko takriban kilomita 120 kusini mwa mji wa Kigoma, na wageni hufika kwa boti au ndege ndogo. Ndani hakuna barabara. Ni mwendo wa miguu pamoja na mwongozaji, kupitia msitu wenye mbega hadi kwenye nyasi na mianzi ya juu. Miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, ndiyo inayofaa zaidi.

Anayekwea Nkungwe akumbuke kwamba anaingia mahali pa ibada ya watu wengine, ingawa hakuna mlango wa kubisha hodi.