Miale ya Gama Yafuatilia Siri ya Mbingu

Tarehe 7 Agosti 1912 mwanasayansi wa Austria, Victor Hess, alipaa kwa puto hadi kimo cha zaidi ya mita 5,000. Vyombo vyake vilionyesha kwamba huko juu mnururisho ulikuwa mkali kuliko ardhini. Ndivyo ilivyogunduliwa miale ya kosmiki, yaani chembe ndogo mno zenye nguvu nyingi, ziinyesheazo dunia usiku na mchana. Hess alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1936, lakini swali kubwa lilibaki: chembe hizo hutoka wapi?

Ugumu ni kwamba zina chaji ya umeme, na nguvu za sumaku zilizotanda baina ya nyota huzipotosha. Zifikapo kwetu zimekwisha kuzungushwa kama mgeni aliyepotea vichochoroni, asiyejua tena aliingia mjini kwa njia ipi. Hata hivyo, baadhi yake hugonga gesi iliyotapakaa kati ya nyota na kuzaa miale ya gama. Hii ni jamii ya nuru, haina chaji, nayo husafiri moja kwa moja. Anayeipima hujua ilikozaliwa.

Kazi hiyo ilifanywa Yangbajing, Tibet, mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, ambako wanasayansi wa China na Japani walitandaza vipimio takriban 600. Mwale wa gama ukigonga hewa huzusha mvua ya chembe, na vipimio huinasa. Lakini miale ya kosmiki nayo huleta mvua kama hiyo, tena mara nyingi zaidi. Ili kuzitenganisha, matangi ya maji yalijengwa chini ya udongo wa mita 2.4 kuhesabu muoni, chembe zipenyazo ardhini. Mvua yenye muoni nyingi ni ya kosmiki. Yenye chache mno ni ya gama.

Mwaka 2021 walitangaza matokeo. Kandokando ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota uonekanao usiku wa giza, walipata miale 23 ya gama iliyozidi elektronivolti trilioni 398. Mmoja ulifikia trilioni 957. Hakuna hata mmoja uliotoka kwenye chanzo kilichojulikana. Ilitapakaa katika mkanda huo.

Huo ni ushahidi mzito kwamba chembe zenye nguvu kubwa hivyo huzaliwa humu humu katika kundi letu la nyota. Kilichobaki ni kuzionyesha kwa kidole nyota au mabaki ya nyota yanayozizaa.