Jinsi Mafua ya Ndege Yawafikiavyo Kuku

Mwezi wa Januari, mwaka 2017, wavuvi wa Ziwa Viktoria upande wa Uganda waliona jambo lisilo la kawaida katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe. Ndege wadogo wa majini waitwao buabua walikuwa wamelala ufukoni, wamekufa, wala si mmoja wala wawili. Buabua hao hutaga mayai katika nchi za Ulaya ya mashariki na Asia, na baridi ya huko ikaribiapo, huruka safari ndefu kuja Afrika. Wataalamu walipoipima mizoga yao walikuta mafua ya ndege, ya aina iitwayo H5N8. Haukupita muda mrefu, bata na kuku wa nyumbani wakaonekana kuwa na ugonjwa ule ule katika wilaya ya Masaka, magharibi ya ziwa.

Kuku haogelei ziwani, wala buabua haingii bandani. Basi ugonjwa huvukaje?

Ugonjwa huu huletwa na kirusi, kitu kidogo mno kisichoonekana kwa macho. Makao yake ya asili ni matumbo ya ndege wa majini, hasa mabata wa porini, ambao mara nyingi hukichukua bila kuugua. Wao hula, huruka na kuogelea kama kawaida, lakini kinyesi chao huanguka majini na matopeni pamoja na virusi. Katika maji ya baridi kirusi chaweza kuishi kwa wiki kadhaa. Kwenye jua kali hufa upesi. Bata wa nyumbani aendaye kutafuta chakula ukingoni huyanywa maji hayo, na jioni hurudi kulala pamoja na kuku. Huyo ndiye daraja. Pengine daraja ni mtu mwenyewe, akanyagaye tope la ziwani kisha akaingia bandani na viatu vile vile, au achotaye maji ya ziwa na kuwanywesha kuku wake.

Kirusi kilichokuwa kipole katika bata wa porini chaweza kugeuka kikiingia penye kuku wengi waliobanana. Hupita toka kuku hata kuku, na katika kupita huko hubadilika, hata kikawa kikali cha kuua banda zima kwa siku chache. Kisha kirusi hicho kikali chaweza kurudi kwa ndege wa porini. Mwaka 2005 mabata bukini na ndege wengine kwa maelfu walikufa kwa ugonjwa huu katika ziwa la Qinghai, nchini China. Kwa hiyo si haki kuwalaumu ndege wa porini peke yao.

Mtu wa Lukozi, katika milima ya Usambara, aweza kusema kwamba habari hizi hazimhusu, maana kwao hakuna ziwa. Kuna mabonde ya kabichi, karoti na viazi, na ukungu wa asubuhi. Lakini kuna barabara. Malori ya mboga hushuka kwa Lushoto na Soni mpaka Mombo, yakaenda Dar es Salaam, kisha hurudi. Tenga lililobeba kuku wagonjwa mjini, trei za mayai zilizochafuka, gunia la samadi ya kuku la kutia bustanini, hata magurudumu ya gari, vyote vyaweza kupandisha kirusi mlimani bila msaada wa bawa lolote. Ndiyo sababu Kenya, mwezi ule ule wa Januari 2017, ilizuia kuku na mayai kutoka Uganda. Buabua hawezi kuzuiwa mpakani, tenga laweza.

Soko la kuku hai lina hatari ya pekee, kwa kuwa hukusanya ndege wa kila upande, kisha huwatawanya tena. Katika mji wa Hong Kong, mwaka 1997, watu 18 waliambukizwa mafua ya ndege ya aina ya H5N1, na 6 kati yao wakafa. Serikali iliamuru kuku wote wa mji wauawe, zaidi ya milioni moja. Nyama iliyoiva vizuri haidhuru. Hatari i katika kuwashika, kuwachinja na kuwanyonyoa kuku wagonjwa.

Jambo gumu ni kuutambua ugonjwa mapema. Kuku huzubaa, kilemba hugeuka rangi ya zambarau, kichwa huvimba, mayai hukoma, na wengine hufa ghafula bila dalili. Mfugaji husema, "Ni kideri tu," maana kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, huua kwa namna hiyo hiyo. Kideri kina chanjo, tone moja jichoni mwa kuku, lakini chanjo hiyo haizuii mafua ya ndege. Kwa macho magonjwa haya mawili hayatofautishwi. Ni maabara tu iwezayo kuamua. Naye mfugaji aonapo kuku watano wamekufa, huona hasara, akawakimbiza sokoni wale waliobaki kabla hawajafa. Haja yake yaeleweka, kwani pengine ada ya shule imo katika kuku hao. Lakini kwa tendo hilo moja ugonjwa wa banda lake huwa ugonjwa wa vijiji kumi. Wa kuitwa siku hiyo ni afisa mifugo, si mnunuzi.

Ugonjwa ukithibitishwa, kuku wote wa banda huuawa, na mizoga huchomwa au hufukiwa shimo refu mbali na mito. Banda huoshwa kwa sabuni na dawa, kisha huachwa tupu kwa wiki kadhaa. Mahali penye baridi kama Lukozi, kirusi kilichobaki katika samadi mbichi hudumu muda mrefu kuliko kule Mombo kwenye joto, na vifaranga wapya hupaswa kungojewa zaidi.