Daftari la Matumizi ni Amana ya Kaya Nzima

Mdadisi wa takwimu anapobisha hodi, iwe Kongwa, Bahi au Dodoma mjini, mara nyingi hupokewa kwa shaka. Baba huuliza kama mgeni huyu ametumwa na watu wa kodi. Mama hushangaa kuona anataka kujua hata bei ya chumvi. Kuuliza ni haki yao. Hata hivyo, ni vyema familia ikafahamu kwamba jibu litokalo kwenye jamvi lake hufika mbali.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya hufanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yenye makao makuu hapa Dodoma. Kaya iliyochaguliwa hupewa daftari la kuandika kila kilicholiwa na kilichonunuliwa. Katika utafiti wa 2011/12 daftari lilijazwa kwa siku 28. Katika ule wa 2017/18, kwa siku 14. Kazi hiyo ya pili ilienea kuanzia Desemba 2017 hadi Novemba 2018, kwa kuwa chungu cha Juni, uwele ukiwa umevunwa, si chungu cha Januari, wala matumizi ya Ramadhani si ya miezi mingine.

Ugumu mkubwa umo katika vile visivyolipiwa. Mlenda uliochumwa shambani na kuanikwa, mtama wa ghalani, maziwa ya mbuzi, sahani iliyoletwa na jirani: vyote vimeliwa, japo hakuna shilingi iliyotoka. Visipoandikwa, kaya huonekana na dhiki kuliko iliyo nayo.

Je, njia ya kuuliza hubadili jibu? Mwaka 2007 na 2008 watafiti, wakiwamo Kathleen Beegle na Joachim De Weerdt, walilipima jambo hilo kwa kaya zipatazo 4,000 katika wilaya saba za Tanzania, mojawapo mkoani Dodoma. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu katika njia nane. Baadhi ziliombwa kukumbuka matumizi ya siku zilizopita, nyingine zilipewa daftari moja la nyumba nzima, na nyingine kila mtu mzima alipewa daftari lake. Hizi za mwisho ndizo zilizoonyesha matumizi makubwa zaidi. Hawakuwa matajiri kuliko wenzao. Ni kwamba msemaji mmoja hajui andazi alilokula kijana sokoni, wala kitafunwa alichonunua binti njiani. Kadiri watu wazima wanavyokuwa wengi nyumbani, ndivyo mengi yanavyompita.

Si jambo dogo. Utafiti wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mwezi, kwa kipimo cha mtu mzima mmoja, ukaona kwamba asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara wako chini yake. Matumizi hayohayo huamua uzito wa kila bidhaa katika kupima mfumuko wa bei. Mama akinyamaza kuhusu mafuta ya kupikia na mkaa, kupanda kwa bei zake kutahesabiwa kuwa kudogo kuliko anavyokuhisi yeye.

Vishawishi viwili humkabili mjibuji: kujikweza mbele ya mgeni, na kujidhalilisha kwa kutarajia msaada. Vyote viwili huharibu hesabu, na anayedhulumiwa ni maskini wa kweli. Tukumbuke kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu uandishi wa deni. Kuandika kwa uadilifu ni sehemu ya mafundisho yetu.

Basi mdadisi ajapo, mwombe kitambulisho. Sheria ya Takwimu inalinda siri ya taarifa zako. Kisha mwite mkeo, waite na vijana, kila mmoja aseme alichokula na alichonunua. Na daftari lijazwe kila jioni, kabla kumbukumbu haijalala.