Mhadhiri wa biashara ya kimataifa

Mhadhiri wa biashara ya kimataifa ni mwalimu wa chuo kikuu anayefundisha na kutafiti jinsi bidhaa, huduma na mitaji zinavyovuka mipaka ya nchi, na jinsi biashara hiyo inavyosimamiwa. Darasani hufundisha forodha, fedha za kigeni, usafirishaji, mikataba na masoko. Katika utafiti huchunguza kwa nini biashara fulani hustawi na nyingine hukwama.

Masomo na ngazi

Nchini Tanzania, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilianzishwa mwaka 1965. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kitivo cha biashara na menejimenti kilianzishwa mwaka 1979, kikawa Shule Kuu ya Biashara mwaka 2008.

Mwenye shahada ya uzamili huanza kama mhadhiri msaidizi. Akipata uzamivu huwa mhadhiri, kisha huweza kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Ili apande ngazi hizo za juu, ni lazima achapishe tafiti zake.

Mfano wa Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, hulima mahindi kwa wingi. Kutoka Sumbawanga mahindi huweza kwenda Zambia kupitia mpaka wa Kasesya, au kushuka hadi bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika na kuvuka kwenda Kongo.

Gunia ni lilelile, lakini kanuni si zilezile. Tanzania na Zambia zote zimo SADC. Zambia imo pia COMESA, ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo SADC, na mwaka 2022 ilijiunga pia na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Sera za ndani nazo zina uzito. Mwaka 2011 serikali ilizuia kuuza mahindi nje ya nchi, na mwaka 2017 ikazuia tena, ili kulinda chakula cha ndani. Zuio la namna hiyo huweza kumpunguzia mlaji bei, lakini mkulima aliyekwisha kuvuna hupungukiwa wanunuzi. Kupima nani amenufaika na nani amebeba hasara ni kazi ya mtafiti.

Mbinu za utafiti

Takwimu za forodha pekee hazitoshi, kwa sababu magunia yanayopita njia za vijijini kwa baiskeli hayaandikwi. Zikionyesha kwamba mauzo yameshuka, huenda mahindi yamebadili njia tu. Kwa hiyo mtafiti huwahoji wakulima, madalali na wasafirishaji, huhesabu mizigo mpakani, na hulinganisha bei za Sumbawanga na za Mbala, Zambia. Tofauti ya bei ikizidi sana gharama ya usafiri, ni dalili kwamba kuna kizuizi. Ikikaribiana na gharama hiyo, bidhaa inapita.