Nyayo za Simu: Jinsi Habari Ndogondogo Zinavyomtambulisha Mtu

Katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta huko Kinondoni hadi Tandika na Mbagala huko Temeke, ni nadra kukosa duka la kuchapa na kunakili karatasi. Mwanafunzi aombaye nafasi ya masomo huingia humo, humtumia mwenye duka cheti chake na picha ya kitambulisho kwa simu, hulipa, hupokea karatasi zake akaenda zake. Lakini maandishi yake hayaondoki pamoja naye. Hubaki katika kompyuta ya duka, na tena katika simu ya mwenye duka. Siku moja mwandishi wa makala haya, alipokuwa akingoja zamu yake katika duka la namna hiyo, aliona kwenye kioo cha kompyuta safu za mafaili yenye majina ya watu asiowajua: vyeti vya kuzaliwa, barua za kuomba kazi, vitambulisho. Hapakuwa na nia mbaya yoyote. Hakuna aliyekumbuka kuyafuta, basi.

Alama tuziachazo kila tutumiapo vyombo vya namna hii huitwa nyayo za kidijiti. Watu wengi hudhani kwamba hazina madhara maadamu hazina siri ndani yake. Jina langu si siri, husema, wala tarehe yangu ya kuzaliwa. Ni kweli, kila habari ikiwa peke yake. Hatari imo katika kuziunganisha, na jambo hili laweza kuonyeshwa kwa hesabu ya darasani.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Wilaya ya Temeke. Tuseme twamtafuta mtu mmoja miongoni mwao, nasi hatujui jina lake. Tukiambiwa kuwa ni mwanamke, idadi hupungua kwa nusu hivi, ikabaki kama watu 673,000. Tukiambiwa na tarehe yake kamili ya kuzaliwa, twagawanya tena. Miaka 80 yenye siku 365 kila mmoja ni siku 29,200. Na 673,000 tukigawanya kwa 29,200 twapata 23. (Idadi halisi itazidi kwa vijana na kupungua kwa wazee, kwa kuwa vijana ni wengi zaidi.) Kwa habari mbili tu, umati wa zaidi ya watu milioni moja umekuwa kikundi kinachoenea katika daladala moja. Ikitajwa na kata anayokaa, aghalabu hubaki mtu mmoja au wawili.

Huko Marekani, mwanasayansi wa kompyuta Latanya Sweeney alikadiria mwaka 2000 kwamba jinsia, tarehe ya kuzaliwa na namba ya posta ya mahali mtu akaapo huelekea kutosha kumpambanua kila mmoja katika asilimia 87 ya wakazi wa nchi ile. Sisi tunayo sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hilo. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenyewe. Mtu aiandikapo katika daftari lililo wazi mezani kwa wakala wa fedha za simu, kando ya jina lake, namba yake ya simu na kiasi alichotoa, ameandika mengi kuliko adhaniavyo. Anayemfuata katika foleni aweza kuyasoma yote huku akitafuta mahali pa kutia sahihi.

Yafaa tukumbuke walaghai wanavyofanya kazi. Ujumbe ule mashuhuri usemao kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii hupelekwa kwa watu wengi kwa kubahatisha, na wengi huufuta wakicheka. Lakini mlaghai ajuaye jina lako, mtaa wako na fedha ulizotoa jana hana haja ya kubahatisha. Atakuita kwa jina, nawe utamsikiliza.

Simu nayo huacha nyayo hata ikiwa mfukoni. Mtandao wa simu umegawanywa katika maeneo madogo, na kila eneo huhudumiwa na mnara. Simu iliyowashwa haina budi kuujulisha mtandao mara kwa mara ilipo, ama sivyo mtandao usingejua pa kuipelekea wito. Mtu apigapo simu, kampuni huandika namba zote mbili, saa, muda wa mazungumzo na mnara uliotumika. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti uliochunguza kumbukumbu za miezi 15 za watu milioni 1.5 katika nchi moja ya Ulaya. Ilionekana kwamba nukta nne tu za mahali na saa zilitosha kuwatofautisha asilimia 95 ya watu hao na wengine wote. Jambo hili si la ajabu tukilifikiri vizuri. Walalao Mbagala ni wengi, na wafanyao kazi Kariakoo ni wengi. Lakini alalaye Mbagala, ashindaye Kariakoo, aendaye Mwananyamala kila Alhamisi jioni na Kawe Jumapili asubuhi, yumkini ni mmoja.

Picha zahitaji maelezo yao. Simu iliyoruhusiwa kufanya hivyo huandika ndani ya faili la picha latitudo na longitudo ya mahali ilipopigwa. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 hivi. Ukigawanywa kwa nyuzi 360, uzi mmoja wa latitudo ni kilomita 111. Sehemu moja ya elfu kumi ya uzi ni mita 11 tu, yaani upana wa nyumba moja. Picha ya mtoto aliyevaa sare mpya mlangoni kwao yaweza kuwa imebeba ramani ya mlango huo.

Nyayo nyingine haziepukiki, wala haifai kuziepuka kwa hila. Usajili wa laini kwa alama za vidole ni takwa la sheria, na laini zisizosajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Twaweza, hata hivyo, kuhakiki kwa kupiga *106# ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chetu. Kurunzi ya simu haina haja ya kujua majina ya jamaa zako wala mahali ulipo. Programu iombayo ruhusa hizo inyimwe. Nakala ya kitambulisho iandikwe juu yake, kwa kalamu, shabaha yake na tarehe, ili isitumike kwingine. Dukani, omba faili lako lifutwe mbele yako, katika kompyuta na katika simu pia. Kadi ya kumbukumbu usiiuze pamoja na simu, kwani faili lililofutwa ndani yake ni kama sura ya kitabu iliyoondolewa katika orodha ya yaliyomo: kurasa zenyewe zingalipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Ombi hilo la dukani si ufidhuli. Ibara ya 16 ya Katiba yetu hutambua haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka akusanyaye habari za watu awe na shabaha iliyo wazi, wala asichukue zaidi ya zinazohitajiwa kwa shabaha hiyo. Malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mwalimu aweza kufanya zoezi hili katika kipindi kimoja. Kila mwanafunzi aandike mahali popote alipoacha jina, namba ya simu au kitambulisho katika wiki iliyopita, na kando yake aeleze kama habari hiyo ilihitajiwa kweli kwa shughuli ile. Kisha wajadiliane ni ipi ingeweza kuachwa bila kuitoa. Karatasi zenyewe zibaki kwa wanafunzi; mwalimu asizikusanye.