Askari wa Kwanza Kufika

Bwana Mhariri ameniomba niwaeleze wanafunzi, pamoja na wenzangu tuliokwisha kutoka shuleni zamani, jambo moja katika kazi ya polisi. Nimechagua ile nusu saa ya kwanza baada ya uhalifu kutendeka, maana humo ndimo kesi nyingi hufa kabla mpelelezi hajavaa viatu vyake. Nitaieleza kama nilivyoiona Juba, mji mkuu wa Sudan ya Kusini, nilikokaa kwa muda katika polisi wa Umoja wa Mataifa.

Yafaa kwanza mjue tulikuwa nani kule. Nchi ile ilipata uhuru tarehe 9 Julai, 2011, na siku ile ile ndipo ilipoanza kazi tume ya Umoja wa Mataifa iitwayo UNMISS. Kazi ya kumkamata mwizi wa sokoni na kumpeleka mahakamani ni ya polisi wenyeji. Sisi tulikuwa washauri tu, tukitembea nao na kufundishana nao. Wengi wa wale polisi walikuwa wapiganaji wa msituni kabla ya kuvaa sare ya polisi. Ni watu mashujaa, wala sisemi kwa kejeli. Lakini mtu aliyelelewa vitani, akisikia mlio wa bunduki hukimbilia mbele, na polisi anatakiwa asimame kwanza atazame. Kusimama huko ni somo gumu kuliko mnavyofikiri.

Mfaransa mmoja, Edmond Locard, aliyeanzisha maabara ya polisi katika mji wa Lyon mwaka 1910, alifundisha kwamba kila mahali mtu apitapo huacha kitu chake na kuondoka na kitu cha pale: unywele, uzi, vumbi, tone la damu. Hayo wanafunzi wengi wameyasikia. Wanalolisahau ni kwamba askari naye ni mtu. Buti lake huacha alama kama kiatu cha muuaji, na sigara aitupayo huokotwa pamoja na sigara nyingine.

Basi askari akipata habari huandika saa, akaenda, na akikaribia hutazama kama hatari imekwisha. Je, mwenye silaha yungali pale? Pana waya wa umeme uliokatika? Katika nchi iliyopita vitani lazima atazame na ardhini, maana kombora la zamani haliulizi umevaa sare gani. Pakiwa salama, la kwanza ni uhai. Majeruhi huokolewa hata kama alama zote zitakanyagwa, na hapo hakuna mjadala. Anayemhudumia akumbuke tu alilalaje, na akikata nguo asipitishe mkasi katika tundu la kisu au la risasi, maana tundu hilo litasomwa baadaye na daktari. Huko Juba kuna karatasi ya polisi iitwayo Fomu Namba 8, na ilikuwa desturi majeruhi kudaiwa karatasi hiyo kabla hajatibiwa. Askari mwema humpeleka mtu hospitali, na karatasi ikamfuata nyuma.

Sasa nije kwenye kamba, ambayo kwangu ndiyo nusu ya kazi. Alfajiri moja, wakati wa mvua, tuliitwa mahali wanapokaa akina mama wauza chai. Mtu alikuwa amekwisha kufa kwa kisu, amelala ubavu karibu na jiko la makaa. Tulipofika palikuwa na watu kama arobaini, wengine ndugu zake wanalia, wengine madereva wa bodaboda waliosimama kutazama, na kila mmoja alikuwa akisogea hatua moja mbele. Koplo niliyefuatana naye hakupiga kelele. Aliomba kamba ya kufungia mizigo, akaifunga kutoka mti mmoja hadi gurudumu la gari bovu, akazungusha mahali pakubwa mara tatu ya nilipodhani patatosha. Nikamwuliza kwa nini. Akasema ukifunga padogo huwezi kupanua tena, maana watu watakuwa wamekwisha kukanyaga. Ukifunga pakubwa waweza kupunguza wakati wowote. Ndivyo vitabu visemavyo, lakini yeye hakukisoma kitabu chochote; alijifunza kwa kuona kesi zikiharibika.

Kisha akachagua njia moja ya kuingilia na kutokea, upande ambao muuaji hangeweza kupita kwa sababu ya lundo la takataka, akamweka konstebo mlangoni na daftari. Kila aingiaye huandikwa jina, cheo, saa, na sababu ya kuingia. Karibu na jiko tuliona alama ya kiatu katika tope, ya akala, ile ya mpira wa tairi. Mawingu yalikuwa mazito. Koplo akachukua beseni la kuoshea vikombe, akaifunika ile alama, akaweka jiwe juu. Robo saa haikupita mvua ikanyesha kama inavyonyesha Juba, na njia nzima ikawa mto mwekundu. Chini ya beseni tope lilibaki kama lilivyokuwa.

Adui mkubwa wa kamba si raia. Raia ukimwambia kwa heshima hurudi nyuma. Adui ni mkubwa. Asubuhi ile alikuja bwana mmoja wa cheo, simtaji yeye wala idara yake, na watu sita nyuma yake, anataka kuona maiti. Hakuwa na kazi pale. Konstebo, kijana mdogo, alimpigia saluti, akamnyoshea daftari na kalamu, akamwambia, “Afande, kila aingiaye hutia sahihi, na huenda akaitwa mahakamani kueleza aliingia kufanya nini.” Bwana yule akatazama daftari, akatazama tope, akakumbuka ana shughuli mjini. Daftari lina nguvu kuliko bunduki.

Mashahidi hutengwa, maana wakikaa pamoja nusu saa watakuwa na hadithi moja. Hapo Juba ina ugumu wake: shahidi mmoja husema Kiarabu cha Juba, wa pili Kibari, wa tatu Kidinka, wa nne ni mfanyabiashara aliyekulia ukimbizini Kenya au Uganda, naye husema Kiswahili. Neno muhimu liandikwe katika lugha lilimosemwa, tafsiri ifuate. Nguo zenye damu hutiwa katika karatasi wala si katika mfuko wa nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu na damu ikaoza. Bastola haiinuliwi kwa kupenyeza kalamu katika mtutu, kama mlivyoona katika sinema.

Huenda mtu akasema haya ni mambo ya nchi tajiri zenye maabara. Sikubali. Tarehe 11 Julai, 2010, mabomu yalilipuka Kampala katika watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, wakafa zaidi ya 70. Baadaye likapatikana bomu jingine Makindye ambalo halikulipuka, pamoja na simu. Simu hiyo haikuchukuliwa na mtu kuuza. Ilifuatwa, ikawaonyesha wapelelezi waliohusika, na mwaka 2016 watu 5 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Nairobi, Septemba 2013, baada ya shambulio la Westgate, maduka ya mle ndani yaliporwa, na wanajeshi 2 wa Kenya wakafukuzwa kazi na kufungwa. Atakayejua ni kielelezo gani kilichoondoka pamoja na mali ile ni nani?

Tena Juba deni la kesi mbovu hulipwa upesi. Sheria ya jinai ya mwaka 2008 huweka hukumu ya kifo au kifungo cha maisha kwa mwuaji, lakini jamaa za marehemu wakipenda fidia ya damu, ambayo kwa desturi hulipwa ng'ombe, mahakama yaweza kuitoa pamoja na kifungo. Njia zote mbili zataka jina la mwuaji. Lisipopatikana kwa ushahidi, jamaa hulitafuta wenyewe kwa uvumi, nao uvumi hutaja kabila badala ya mtu. Ndipo mahali pa maiti mmoja pakawa na maiti kumi.

Wapelelezi walipofika, koplo aliwaonyesha njia, akawapa daftari, akawaambia aliyoyagusa: beseni, jiwe, na mkono wa marehemu alipokuwa akitafuta mapigo. Hakuwaambia anamdhania nani, wala hawakumwuliza. Akatia sahihi na saa, akarudi kusimama kwenye kamba. Tuliruhusiwa kuondoka saa nane mchana. Yule mama wa chai alikuwa angali pale amekaa juu ya ndoo, akingoja jiko lake, na alama ya kiatu ilikuwa imemwagiwa plasta kukauka.